Mihogo Waliyosema Imezimwa

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa hashikiki kwenye rede. Wenzake wakirusha ule mpira wa soksi, yeye anaruka, anainama, anajipinda kama mtu asiye na mifupa, na mpira unapita patupu. Nilikuwa nakaa barazani kwangu namtazama, na macho yangu siku zote yalikuwa chini. Watu walidhani natazama mchezo. Mimi nilikuwa natazama visigino vyake, kama bado vinagusa ardhi.

Vyangu havigusi. Tangu nikiwa na umri kama wake natembea kwa vidole vya miguu, magoti yanasuguana, fimbo mkononi. Sikuzaliwa hivi. Nilizimwa. Neno hili nimelitumia kwa makusudi, na mbele nitaeleza nimelitoa wapi, maana ndilo neno lililokuja kumharibu yule mtoto pia.

Watu wanasema nina mdomo. Ndiyo, ninao. Miguu waliichukua, mdomo wakausahau. Majina sitaandika, kwa sababu wahusika wana watoto na watoto hawana kosa. Lakini vyeo vyao nitaandika, na hapa kijijini kwetu kando ya Ruvuma kila cheo kina mtu mmoja tu, kwa hiyo wanaohusika watajijua.

Sisi huku tunapanda mihogo michungu. Mtu wa mjini akisikia anacheka, anasema kwa nini mpande sumu wakati muhogo mtamu upo. Mtamu tunapanda karibu na nyumba, tunatafuna mbichi, tunachemsha na nazi. Lakini shamba la mbali ukipanda mtamu, umewapandia nguruwe pori na nyani. Mchungu hawaugusi. Kwa hiyo tunapanda mchungu, halafu tunautoa sumu wenyewe. Unamenya, unaanika juani wiki kadhaa mpaka upate makopa makavu yanayolia yakigongana, au unavundika mpaka uote ukungu, unakwangua, ndipo unaanika. Baada ya hapo unatwanga. Ni kazi ya kusubiri.

Njaa haisubiri. Mwaka wa njaa wanawake wanafanya chinyanya. Asubuhi umeng'oa muhogo mchungu mbichi, umemenya, umetwanga, umeanika juani kidogo, umetwanga tena, umeanika tena, umechekecha, jioni unasonga ugali. Ukila siku moja kichwa kitazunguka, labda utatapika, kesho umesahau. Ukila wiki kwa wiki, hakuna samaki, hakuna maharage, hakuna kitoweo chochote ila majani, inafika asubuhi moja unataka kusimama, miguu inakataa. Haiumi. Inakataa tu. Na haibadilishi mawazo tena maisha yako yote. Wataalamu wanauita ugonjwa huo konzo. Wakati naugua mimi haukuwa na jina.

Mimi ilinikuta nikienda kisimani. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema, na mama alikuwa anatwanga chinyanya kila siku kwa sababu hakuwa na kingine cha kutwanga. Nikaanguka na ndoo. Mganga wa zahanati, nasema yule wa serikali mwenye koti jeupe, alinibonyeza goti akasema, "Huyu anadeka. Mpelekeni shule." Mganga wa kienyeji naye akasema ni bibi yangu, mama yake mama, ndiye kanifunga miguu. Baba yangu mdogo akaamini. Akamtolea bibi vitu nje, mbele ya watu. Bibi alifunga kanga yake, akavuka mto akarudi kwa ndugu zake upande wa Msumbiji, na huko ndiko alikozikwa. Koti jeupe alistaafu kwa sherehe. Baba mdogo mpaka anakufa aliitwa mtu wa busara. Mimi niliishia darasa la nne, kwa sababu shule ilikuwa mbali na miguu haikuwa yangu tena.

Hayo ya zamani. Sasa nieleze ya juzi.

Walikuja watu wa mradi, wenye gari jeupe, wakiuliza nani kijijini ana miguu hii. Wakanipata. Wakasema mjini Mtwara, pembeni kidogo ya mji, kuna kituo cha utafiti ambako wanaichunguza sumu ya muhogo inatoka wapi, na siku fulani watakuja wageni wakubwa, na wangependa nifike. Tukaenda wanne: mwenyekiti wa kijiji, bwana shamba, mimi, na mdogo wangu wa kunishika mkono kwenye ngazi.

Mtafiti mwenyewe alikuwa mwanamke, angeweza kuwa binti yangu. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti kabla ya mwenyekiti, na hilo nililiona. Akatuingiza kwenye chumba cha baridi chenye rafu za chupa, na ndani ya kila chupa mche wa muhogo mdogo kama kidole, umesimama kwenye kitu cheupe kama uji ulioganda.

"Mihogo hii," akasema, "tumezima jeni moja. Lile linaloanzisha sumu."

Mwenyekiti akauliza, "Kuzima kama taa?"

"Siyo kabisa, mzee. Wewe ukitaka mkutano, unamtuma nani?"

"Mjumbe wa nyumba kumi."

"Na mjumbe akikamatwa njiani, tangazo likachanwa?"

"Hakuna atakayekuja." Mwenyekiti akacheka. "Ingawa kwa watu wangu hawa, hata mjumbe akifika hawaji."

"Basi ndiyo hivyo. Ofisi yako ipo, wewe upo, amri umeitoa, lakini haifiki. Ndani ya muhogo kila jeni linatoa nakala ya amri yake, nakala inasafiri ndani ya seli kwenda kufanyiwa kazi. Sisi tunaingiza kipande kidogo kinachofanana na ile nakala, ila kimejikunja, kimekuwa nyuzi mbili. Mmea ukikiona hivyo unadhani ni kirusi kimeingia. Unakikatakata. Halafu unavichukua vile vipande kama sampuli, unatafuta kila nakala inayofanana navyo, nayo unaikata. Jeni lenyewe hatujaligusa. Linaendelea kusema. Hakuna anayelisikia."

Nilikaa pale nikiangalia miguu yangu. Kwa maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunieleza, na huyu alikuwa anaeleza muhogo. Kichwa changu kinaiambia miguu nyooka. Kinasema kila asubuhi. Miguu haijakatwa, haijaoza, ipo. Amri haifiki. Nikamuuliza kama ni hivyo, akasema, "Siyo kitu kilekile, mama. Kwako zimeumia njia za kutoka kwenye ubongo. Lakini ndiyo, amri haifiki." Nilimshukuru kwa kunijibu. Ndiyo siku nilipojua nilizimwa.

Kufikia hapo simu ya bwana shamba ililia, akatoka nje kuongea. Mdogo wangu naye akasema baridi inamuumiza mifupa, akamfuata. Hapo ndipo balaa lilipoingia, kwa sababu maneno makubwa yalisemwa wakiwa wameshatoka.

Mtafiti alituonyesha chupa moja ambayo mche wake umedumaa, mizizi kama nyuzi za buibui. Akasema mwanzoni walidhani sumu ni mlinzi tu wa muhogo, ukimwondoa mlinzi nyumba inabaki. Kumbe walipoikata ile amri kwenye majani, mizizi ikagoma kukua mpaka ilishwe mbolea humohumo chupani. Kile kitu kinachozaa sumu ndicho jani linachokituma chini kama chakula, na huenda pia kama habari. Hilo ndilo alilokuwa analisoma: seli za jani zinaiambia nini mizizi, na ukinyamazisha sauti moja, nani anakosa kusikia.

"Kwa hiyo hii siyo mbegu," akasema. "Ni ya kusomea. Haitoki humu, sheria hairuhusu, na hata ikitoka, shambani itakufa. Msije mkaenda kusema tumepata muhogo usio na sumu. Bado."

Mwenyekiti alisikia. Namtaja hapa kwa sababu alisikia, akatikisa kichwa, akasema "naam, naam."

Baadaye wageni walifika, nikaambiwa nitembee mbele yao. Kutoka mlangoni mpaka kwenye meza, halafu kurudi. Mmoja akaomba nirudie, kamera yake haikuwa tayari. Nikarudia. Wakati mimi natembeatembea kama mbuzi wa mnadani, bwana shamba na mdogo wangu walikuwa nyuma ya jengo, kwenye shamba la mihogo la kituo.

Kwetu huwezi kwenda kwenye shamba la mtu ukaondoka mikono mitupu. Ukimtembelea mtu ukaona mti mzuri wa muhogo, unakata fimbo chache za kupanda, na mwenyewe akikuona hasemi kitu, kesho yeye atakata kwako. Hakuna anayeita wizi. Mbegu nusu za kijiji zimetembea hivyo, mpaka ng'ambo ya mto. Kwa hiyo bwana shamba alipotoa kisu na kukata, kwa mdogo wangu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Sikuwepo, lakini amenisimulia mara nyingi, huku analia.

"Ndiyo yenyewe hii, bwana shamba?"

"Ulikuwa umelala mule ndani? Hukusikia imezimwa?"

"Ile ilikuwa ya chupani."

"Dada yangu, mtoto akishakua anabaki tumboni? Ikikua wanaihamishia huku."

Ile mihogo ya nje ilikuwa mama wa ile ya chupani. Mchungu uleule, haujaguswa, umepandwa pale ili wapate cha kulinganisha nacho. Hapakuwa na uzio wa maana wala kibao. Bwana shamba hakuuliza mtu, na yeye kazi yake ni kuuliza. Amesomeshwa kwa kodi zetu aulize. Zile fimbo zilirudi kijijini kwenye buti la gari lilelile jeupe, na mimi nimekaa kiti cha mbele, sina habari.

Akazigawa kwa watu wake, kimyakimya, kama mtu anayegawa siri. Mdogo wangu alipata. Hakuniambia, kwa sababu alijua nitauliza maswali, na alikuwa amechoka na maswali yangu. Mwenyekiti aliambiwa, na mwenyekiti alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba haitoki chupani. Unajua alisema nini? Alisema, "Wataalamu huwa hawatoi siri zao zote." Akachukua fimbo zake naye.

Mwaka uliofuata mto ulipanda ukazoa mahindi ya bondeni, halafu jua likawaka mfululizo. Makopa ya zamani yakaisha. Kwenye nyumba nyingi watu walikula kidogo, wakasubiri. Kwa mdogo wangu chungu kilikuwa jikoni kila jioni. Niliwaza wana bahati, shemeji labda kapata kibarua. Kumbe mdogo wangu alikuwa anang'oa ile mihogo ikiwa bado michanga, anafanya chinyanya, tena ya haraka kuliko ya mama yetu, kwa sababu kwake hapakuwa na sumu ya kutoa. Imezimwa.

Nilijua kwa mtoto. Alikuja kwangu mchana mmoja, akalala kwenye mkeka badala ya kwenda kwenye rede.

"Mama mkubwa, kichwa kinazunguka kama nimekula tumbaku."

"Umekula nini?"

"Ugali wa ile mihogo ya kituoni."

Nikachukua fimbo yangu. Sijawahi kutembea haraka vile tangu nipate akili. Nilimkuta mdogo wangu anachekecha. Nikatia kidole kwenye unga, nikaweka ulimini. Uchungu ule siwezi kuusahau, ulimi wangu unaujua kuliko jina langu.

"Mwaga."

"Dada, hii imezimwa."

"Nimesema mwaga!"

"Nimwage halafu nile nini? Wewe utanipa? Siku zote mtu akipata kitu, wewe lazima uone ubaya. Miguu yako isiwe ya kila mtu!"

Hilo lilinichoma, lakini sikusimama kulijibu. Niliusukuma ungo kwa fimbo, unga ukamwagika kwenye majivu. Shemeji akatoka ndani anafoka. Majirani wakaja. Akaitwa bwana shamba, akaja na pikipiki yake, miwani kichwani, na mwenyekiti nyuma yake.

"Mama, usitishe wananchi," bwana shamba akasema. "Hili ni suala la kitaalamu."

"Vizuri. Basi tumuulize mtaalamu."

Namba ya yule mtafiti nilikuwa nayo. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikainua simu juu ili wote wasikie. Nikamweleza: fimbo za shamba la nyuma, chinyanya, mtoto kichwa kinazunguka.

"Mama, ile ya nje haijazimwa chochote. Ile ni mikali kuliko mingi mliyonayo. Mwambieni aliyekula aache sasa hivi. Asifanye kazi ngumu, asikimbie, apate samaki, maharage, mayai, chochote. Mpelekeni hospitali. Mtoto ana umri gani? Mama? Mnanisikia?"

Tulikuwa tunamsikia. Watu wote wakamgeukia bwana shamba. Akashusha miwani kutoka kichwani akaivaa.

"Mimi sikusema ndiyo yenyewe," akasema. "Mimi nilisema huenda."

Mdogo wangu alimtazama yule mtu. Alikaa chini pale kwenye majivu, akaanza kuukusanya unga kwa mikono, halafu akauacha.

Mtoto hatukumpa kazi yoyote siku ile. Alilala kwangu. Lakini chinyanya haihesabu kuanzia siku uliyoacha, inahesabu tangu ulipoanza. Asubuhi wenzake walipita wakimwita, "Njoo, tunakosa mtu!" Kabla sijatoka ndani alikuwa ameshakimbilia uwanjani. Niliusikia ule mpira ukirushwa. Nikasikia wanacheka. Kisha wakaacha kucheka.

Hospitali daktari alisema mguu wa kushoto una nafuu, wa kulia tutaona. Tumeona. Mtafiti alikuja kijijini na dagaa na maharage kwenye kiroba, akakaa mkekani kwangu. Nilimwambia, "Wewe hukutudanganya. Lakini shamba lenu la sumu halikuwa hata na kibao, na mlitualika watu wa vijijini mkatuacha tuzurure. Na mimi mlinitembeza kama sinema." Hakujitetea. Alisema, "Ni kweli, mama." Uliwekwa uzio baada ya hapo, nimesikia. Bwana shamba hakuandikiwa hata onyo. Ukienda ofisini kuuliza unaambiwa suala linashughulikiwa, na anayelishughulikia ni yeye mwenyewe.

Mwezi uliopita tukaitwa tena, ukumbi fulani huko Chikongola, mjini Mtwara, mradi ulikuwa unafunga awamu yake. Mwenyekiti alinifuata mwenyewe. "Na mtoto umlete," akasema. "Wageni wataguswa." Nilimleta. Nilikuwa na sababu yangu.

Ukumbi ulijaa viti vyenye vitambaa vyeupe, soda mezani. Bwana shamba alikaa safu ya mbele, amevaa suti. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Sasa tunamwomba mama yetu na binti yetu wapite mbele, watembee kidogo, tuone hali halisi!"

Mtoto akaanza kuinuka. Watoto wanatii kipaza sauti. Nikaweka mkono kwenye paja lake.

"Kaa."

Halafu nikasema nikiwa palepale kwenye kiti, na sauti yangu haihitaji kipaza: "Mimi nilishatembea. Nilitembea mkapiga picha, nikarudia. Huyu mtoto hatatembea. Leo atembee bwana shamba, yule pale mwenye suti. Atembee kwa vidole kutoka pazia lile mpaka meza ya wageni, na akitembea aeleze fimbo za muhogo alizikata wapi na alimuuliza nani. Na mwenyekiti amshike mkono, maana alikuwa anajua."

Bwana shamba akaanza kurekebisha tai. Mtafiti, kule pembeni, alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Nikafikiri sasa. Sasa mtu atasema neno.

Mshereheshaji akacheka. "Mama yetu ana utani kweli! Watani zetu Wamakonde hawa! Makofi kwa mama!"

Wakapiga makofi. Wageni nao wakapiga, kwa sababu walioelewa Kiswahili walikuwa wanapiga. Mwenyekiti alipiga kuliko wote. Mtafiti peke yake hakupiga. Alikuja mbele akakiomba kipaza sauti, mshereheshaji akamwambia zamu yake ni baada ya chakula.

"Mama mkubwa," mtoto akaniuliza, "mbona wanapiga makofi?"

"Hawajasikia," nikamwambia. "Twende."

Tulitoka kabla ya chakula. Mtoto alichukua soda yake, akachukua na yangu. Nje, upande wa pili wa barabara, watoto wa mjini walikuwa wanacheza rede. Akasimama kuwatazama, nikasimama naye. Kandambili zake, zote mbili, nilimnunulia siku ileile moja, siku chache kabla hajaanguka. Ya kushoto imelika kisigino mpaka imebaki kama karatasi. Ya kulia, pale pa kisigino, bado ina maandishi ya kiwandani, yanasomeka yote.